Nyumba ya Bati Iliyovishwa Makuti

Watu wengi hulala chini ya paa lao. Tabu binti Mwinyigoha alilala juu ya lake miaka saba kabla halijapanda ukutani.

Alikuwa akikaanga vitumbua nje ya geti la bandari, akiwauzia makuli. Kila mkono ulipokuwa na nafasi, alinunua bati moja mjini, akalibeba kichwani mpaka kwetu Temeke, akalilaza chini ya godoro. Bati juu ya bati. Kitanda kikawa kinapanda. Mwaka wa kwanza, ukimkuta kitandani, wewe ulimwamkia umeinama. Mwaka wa nne mlitazamana macho kwa macho. Mwaka wa saba, wallahi, nilipanda juu ya kinu ndipo nikamfikishia shikamoo yake, naye akaniitikia marahaba huku paji la uso limegusa boriti. Mume wake wa pili alimwacha kwa sababu ya kitanda hicho. Alisema kila akilala anaota anaanguka kutoka mnazini.

Siku bati zilipopigiliwa misumari, mtaa mzima ulisimama nje kutazama. Sote tulikuwa watu wa makuti. Bati yetu sie ilikuwa ile ya debe la mafuta ya taa, ya kuzibia tundu la banda la kuku. Paa lake liliwaka jua hata ikasemwa nahodha mmoja wa meli aligeuza usukani akidhani serikali imehamishia mnara wa taa Temeke. Kuanzia hapo jina la Tabu likafa. Akawa Bi Bati.

Lakini kung'aa kwenyewe kulikuwa si kitu. Kitu kilikuwa mvua. Mawingu yakijikusanya, Bi Bati aliacha vitumbua vyake vikaungua, akakaa barazani, miguu ameinyoosha. Tone la kwanza likigonga, anafumba macho. Nasi tulikuwa tunakwenda, mie na wenzangu wasuka mikeka, tunajibana sebuleni kusikiliza. Kelele zile! Hata mke na mume waliokuja wakigombana iliwabidi waahirishe, kwa kuwa hakuna aliyesikia katukanwa nini. Na kila aliyeingia alipewa sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile: ukikanyaga ua wa Bi Bati, utakula. Mtoza kodi wa jumbe alikuja mara moja na daftari, akaondoka anacheua na daftari kasahau.

Sasa nije kwa Salumu.

Salumu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Bati, na alikuwa boi wa mezani kwenye hoteli moja ya Wazungu kule ufukweni mjini. Walimpa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, naye tangu hapo akawa anatembea kama kashika trei, hata akienda chooni. Miaka hiyo, vita ya Hitla imekwisha, meli zilikuwa zikileta wageni wa namna ambayo hatukuwahi kuiona. Mtu anatoka kwao Ulaya, hajafiwa, haozi mtoto, hafanyi biashara, haumwi, hamdai mtu. Kaja kutazama tu. Meli inatia nanga asubuhi, yeye anashuka anatazama, jioni anapanda anakwenda kutazama kwingine. Sie tulidhani labda kwao wamepigwa marufuku kutazamana.

Wageni hao walikuwa wakimwuliza Salumu pale mezani: tutaiona wapi Afrika yenyewe? Salumu akawaza. Alimjua Pyarali, mwenye duka la vinyago na motokaa kubwa ya abiria. Wakapatana, motokaa ya Pyarali, Kiingereza cha Salumu, na Temeke yetu sisi.

"Mama mdogo," Salumu alimwambia shangazi... naam, tazama, hata mie nachanganya, alimwambia Bi Bati, "Jumamosi nakuletea wageni wa heshima. Wanataka kuona tunavyoishi."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na wakaribie," akasema Bi Bati, na hapo hapo akaanza kuchambua mchele.

Wewe ukiambiwa mgeni anakuja kuona unavyoishi, unafanya nini? Tulifanya hivyo hivyo. Tulifagia mtaa mpaka mchanga ukaona haya. Tukapaka nyumba chokaa. Viti tuliazima kwa mwalimu wa misheni, vikombe vya maua tukaazima msikitini. Cherehani ikatolewa nje ionekane, na santuri ya fundi viatu ikawekwa kwenye meza yenye kitambaa. Wanawake tulivaa khanga zenye karatasi bado. Projestus, karani wa Kihaya aliyepanga chumba kwa Bi Bati, alivaa suti ya sufu na tai, akakaa barazani na gazeti la Kiingereza, jasho linamtiririka mpaka gazeti likalowa. Na Bi Bati alipika pilau ya mbuzi mzima.

Wageni wakashuka. Wakatutazama. Sie tukatabasamu. Kamera zikaning'inia shingoni kama kengele za ng'ombe, hakuna aliyeinua yake. Bibi mmoja mnene, mwenye kofia pana kama ungo, akamwuliza Projestus jambo.

"Anasema nini?" tukauliza.

Projestus akakohoa. "Anauliza kijiji kiko wapi."

"Mwambie ndicho hiki."

Akamwambia. Bibi wa kofia akamtazama mumewe kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Wakazunguka nyuma ya nyumba, wakapiga picha mbuzi wa jirani na kibanda cha choo kilichoinama, wakarudi garini wanachangamka kidogo. Mikeka walinunua mitatu, mmoja wangu. Pilau hawakuigusa. Bi Bati alibaki kashika upawa, anatazama vumbi la motokaa.

"Labda wameshiba," akasema.

Wiki ya pili Salumu alikuja na Pyarali mwenyewe. Wakatukalisha.

"Ndugu zangu, mmenitia hasara ya uso," akasema Pyarali, mtu mpole, ana mwavuli hata kiangazi. "Mgeni kavuka bahari nzima, nyie mnamwonyesha cherehani. Cherehani anayo kwao!"

"Basi tumwonyeshe nini?" nikauliza.

"Mambo ya asili, mama. Vumbi. Ngoma. Nguo kuukuu. Watu wa Kinondoni wameshaniita. Kuna mzee kule kavua shati tangu Jumatatu ananisubiri."

Tuliposikia Kinondoni damu ilichemka. Watu wa Kinondoni watushinde kwa umaskini? Hao wenye baiskeli mbili mbili? Palepale mtaa ukakubali kila kitu. Santuri uvunguni, viatu darini, suti ya Projestus ndani ya sanduku. Halafu Salumu akatazama juu, akakuna kichwa.

"Limebaki paa la mama mdogo. Linang'aa mno. Kila picha litaingia. Tulivishe makuti juu yake."

Bi Bati akainuka taratibu.

"Salumu. Nimelala juu ya hizo bati miaka saba. Mgongo wangu mpaka leo una migongo ya bati. Leo uniambie nizifiche kama mtoto wa haramu?"

"Siku za meli tu, mama mdogo."

"Siku za meli ndizo siku za wageni. Mgeni mtu humwonyesha paa zuri, hamfichi!"

Akaingia ndani akafunga mlango. Na hapo, nikuambie bila kujificha, sisi wasuka mikeka ndio tulioenda kumgongea. Mie nilikuwa mbele. Nilimlilia ukindu wangu, nikamlilia watoto wangu, nikamlilia na watoto ambao sikuwa nimewazaa bado. Muuza madafu akaja kulia, fundi viatu akaja kulia ingawa sote tulikuwa tumekubali kwenda peku. Mwishowe mlango ukafunguka.

"Haya. Makuti yatapanda," akasema. "Lakini mgeni akija kwangu ataingia ndani, atakaa, atakula. Asiyekula asikanyage ua wangu. Salumu, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama mdogo. Watakula," akasema Salumu, mkono juu ya trei ambayo haikuwepo.

Basi yakapanda. Tulifunga fito juu ya bati, tukaezeka makuti ya zamani, meusi, yenye buibui wao humo humo. Nyumba bora ya mtaa ikawa kama kikongwe aliyevalishwa gunia.

Na biashara ikaja! Kila meli, motokaa mbili, mara tatu. Projestus tukamfanya chifu. Tulimvisha ngozi ya ng'ombe aliyoitia madoa ya chui kwa wino wa ofisini, tukamkalisha kwenye kigoda mbele ya banda la kuku, akapigwa marufuku kusema Kiingereza, maana chifu wa asili akijua Kiingereza thamani yake inashuka. Aliteseka, masikini, kwa sababu Salumu alikuwa akikosea sarufi mbele yake na yeye hana ruhusa ya kumsahihisha. Mie nikawa mganga. Nilishika kiganja cha Mzungu, nikatazama angani, nikamwambia, "Wewe una meno mabovu na mkeo hakupendi." Salumu anatafsiri, "Anasema utaishi miaka mingi." Mzungu anafurahi, ananunua mkeka. Pyarali alikuwa akileta vinyago vipya vinanukia rangi, anavifukia uani kwa Bi Bati majuma mawili, vikifukuliwa vina miaka mia tatu.

Madafu yalinunuliwa, kuku walinunuliwa kwa picha kisha wakaachwa, wakanunuliwa tena na meli iliyofuata. Jogoo wangu mmoja aliuzwa mara tisa. Kadiri tulivyopata ndivyo tulivyolazimika kuonekana hatupati. Fundi viatu alinunua redio, akaifukia pamoja na vinyago. Mtu akijenga choo kizuri, tunamwambia akiinamishe. Mtaa mzima ulikuwa unakula kwa kuonekana haujala.

Ila Bi Bati. Yeye kila meli alipika. Pilau, mchuzi wa nazi, kachumbari. Akatandika mkeka sebuleni, akaweka sinia, akanawa uso, akasimama mlangoni. Wageni wakafika kizingitini, Salumu akasema maneno yake, wakalipiga picha sinia, wakarudi nyuma kwa adabu, kama watu waliopita mbele ya maiti. Hakuna aliyetia tonge. Meli baada ya meli.

"Chumvi imezidi?" akaniuliza siku moja.

"Haijazidi, dada."

"Nanuka?"

"Hunuki."

"Basi kwa nini hawali kwangu?"

Nami nilijua? Sikujua. Na kusema kweli sikutaka kujua, mikeka ilikuwa inatoka.

Vuli ikaja. Mvua ya kwanza ilinyesha siku isiyo ya meli, tukakimbilia kwake kama kawaida, tukajibana, tukanyamaza. Hatukusikia kitu. Makuti yaliinywa mvua yote. Ilikuwa kama mtu anayenong'ona mtaa wa tatu. Bi Bati alikaa barazani miguu kainyoosha, kafumba macho, akasubiri. Akasubiri. Kisha akafumbua, akakusanya miguu yake, akaingia jikoni. Siku hiyo hakutuletea sahani. Ilikuwa mara ya kwanza.

Meli iliyofuata ilikuja na mawingu. Na ndani ya motokaa ya kwanza, nani? Bibi wa kofia kama ungo, yule yule, kaambiwa huko melini kwamba Salumu sasa kagundua kijiji cha kweli. Hakututambua hata mmoja. Alinishika mkono mie mganga, yeye aliyeshanunua mkeka wangu nikiwa na khanga mpya, akanitazama kwa huruma mpaka nikajihurumia.

Kwa kuwa mvua ilikuwa karibu na madoa ya chui yalikuwa ya wino, tulimhamisha chifu. Kigoda chake kikawekwa barazani kwa Bi Bati, pembeni ya mlango. Tangu awe chifu hakuwahi kukaa pale. Wageni wakafika kizingitini, Salumu akaanza maneno yake kwa Kiingereza, na Projestus kwa mara ya kwanza akayasikia. Nikamwona anageuka rangi. Akainuka, ngozi ikamdondoka bega moja.

"Mama," akamwambia Bi Bati kwa Kiswahili, "unajua huyu mwanao anawaambia nini?"

"Kaa chini, chifu," akasema Salumu.

"Anawaambia chakula hiki ni sadaka ya mizimu. Kwamba mtu akikigusa mtaa wote utapata laana, na wewe ndiye mlinzi wake. Anawaambia wasile!"

Bi Bati akamgeukia Salumu. "Kweli?"

"Mama mdogo, Wazungu wanaogopa tumbo. Wakila wakaumwa, hoteli itanifukuza. Na wao wanapenda mizimu. Nilikuwa nalinda riziki ya watu wote hawa!"

Akatuonyesha sisi kwa mkono. Sie tukatazama chini, kila mtu anatafuta kitu mchangani.

Bi Bati hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliweka chini birika ya kunawia aliyowashikia wageni, akazunguka nyuma, tukamsikia anasogeza ngazi. Mama wa miaka hamsini na ushei, kajifunga kibwebwe, kapanda. Kuti la kwanza likaruka likatua juu ya mwavuli wa Pyarali. La pili likamvika Salumu shingoni.

"Mama mdogo, shuka! Wageni wanaona!"

"Si wamekuja kuona?" akajibu kutoka juu. "Waone!"

Akang'oa. Wenyewe waliohesabu wanasema kuti mia mbili kwa pumzi moja. Mie nasema mia tatu, maana nilikuwa chini yake. Buibui walikimbia kama watu wa mkutano uliovunjwa na polisi. Bati zikatokea, moja, mbili, upande mzima, zinameta kwenye mwanga ule wa mawingu. Kamera zikalia. Na mbingu zikafunguka.

Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Motokaa zilikuwa mbali, mwisho wa njia ya mchanga. Wageni wangeenda wapi? Waliikimbilia nyumba iliyo wazi, wote kumi na wanane, wakajibana sebuleni na kofia zao, nasi nyuma yao. Bi Bati akashuka amelowa chapachapa, akaingia, akaonyesha mkeka kwa mkono. Projestus akasimama na ngozi yake inayovuja wino, akawakaribisha kwa Kiingereza kilichonyooka, kirefu, akamwomba radhi bibi wa kofia kwa usumbufu, akamtajia hata habari aliyosoma gazetini. Bibi yule akapiga yowe, sijui kwa hofu ya chifu au ya sarufi.

Kisha hakuna tena aliyesikia kitu. Bati zilikuwa zimekaa kimya miezi mitano, zikalia kwa malimbikizo. Salumu alifungua mdomo kueleza mizimu, tukaona meno tu. Hakuna wa kuuliza, hakuna wa kutafsiri. Mzee mmoja Mzungu akatazama sinia, akatazama mvua, akatia mkono. Akatafuna. Akatia tena. Basi wakala, wakala mpaka wakakwangua, wakabanwa na pilipili wakatokwa machozi, wakapewa maji, wakala tena. Bibi wa kofia alikula sahani tatu na ukoko. Na Bi Bati? Kaa la moto lilikuwa limemtoka kifuani. Alikaa kizingitini miguu kainyoosha, kafumba macho, maji yanamchuruzika.

Mvua ilipokatika waliaga kwa kushikana mikono, bila picha. Motokaa ya mwisho ilipoanza kuvuma, Bi Bati akainua sinia, akakuta noti zimewekwa chini yake. Sijawahi kuona mwanamke anakimbia hivyo na kibwebwe. Aliifukuza motokaa mpaka kwenye mikorosho, akazitupa zile noti dirishani, mapajani kwa bibi wa kofia.

"Nimekufungulia hoteli mie?" akapiga kelele. "Ukishiba kwangu unaaga, hulipi!"

Pyarali hakurudi. Alihamia Kinondoni na motokaa zake, na Salumu akaenda naye. Sasa usidhani tulimpigia Bi Bati makofi. Tulimnunia. Mikeka yangu kumi na minne ilinidodea, jogoo wangu akazeeka bila mnunuzi, redio ilifukuliwa imeingia mchwa. Muuza madafu alikuwa akipita mbele ya nyumba ile anatema mate. Projestus peke yake alifurahi, alivaa suti yake siku saba mfululizo. Mie sikumsalimia Bi Bati wiki tano, na kila asubuhi aliniambia "Marahaba, hujambo?" kana kwamba nimemwamkia.

Wiki ya sita ikanyesha. Nilijikaza. Nilikaa chini ya makuti yangu yanayonidondokea, nasikia bati ya mwenzangu inapiga ngoma. Nikatoka. Mlangoni kwake nikagongana na muuza madafu, naye kalowa, anajifanya anatafuta mbuzi. Tukaingia. Bi Bati akatuletea sahani.

Siku ile ile, mvua haijaisha, Salumu akatokea. Kanzu imekuwa ya udongo mpaka magotini. Kinondoni, akatuambia kwa kupayuka, mambo magumu: kule wamekwisha kuwa na machifu wanne na wanagombana, na wageni wanataka kijiji chenye simba. Harufu ya pilau ikamkata maneno. Akakaa mkekani, akakunja mkono wa kanzu, akanyoosha vidole.

Bi Bati akalivuta sinia kidogo upande wake.

"Pole pole, mwanangu," akamwambia sikioni, kwa sauti ambayo hata bati hazikuifunika. "Hicho ni cha mizimu."